Mkono Mtupu Haulambwi

Kila vita vinapozuka katika nchi ya mbali, na watu wasiohusiana navyo kwa damu wala kwa mpaka wakatoka majumbani mwao wakajaza barabara za miji mikubwa kuvipinga, hutokea baadaye, vita vikiwa vimekwisha au vimezoeleka, muungwana mmoja barazani akauliza kwa upole uliofunika dhihaka: je, maandamano yale yalileta nini? Swali hili si la kudharauliwa, ijapokuwa aghalabu mwenye kuliuliza amekwisha kujijibu moyoni. Nataka leo nilijibu, walakini si kwa jibu lile la faraja ambalo wapenda amani hupeana wao kwa wao, kwamba kuitamka haki ni ushindi tosha hata isiposikilizwa. Kwani jibu hilo, pamoja na uzuri wake wote, halimfai kitu mtu aliyefukiwa na kifusi cha nyumba yake. Afadhali tutazame ni wapi umma uliwahi kuushika mkono wa dola iliyokwisha kuinua upanga, ni wapi uliupigia kelele tu, na ni kitu gani kilichozitenga hali hizi mbili.

Hapana siku bora ya kuanzia kuliko Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2003. Kwa makadirio ya wakati ule, watu baina ya milioni 6 na milioni 10, katika nchi zipatazo 60, waliandamana mwishoni mwa juma hilo kuvipinga vita vya Iraki ambavyo vilikuwa bado havijaanza. Nalo hili ni jambo geni, maana desturi ya walimwengu ni kuvilalamikia vita baada ya majeneza kuanza kurudi, bali safari hii watu waliutangulia mzinga wa kwanza. Roma walikadiriwa kufika milioni 3, na mkutano huo umeingizwa katika vitabu vya rekodi kuwa mkubwa kuliko yote iliyopata kufanywa kupinga vita. Barcelona askari wa mji wenyewe walihesabu milioni 1.3. London polisi walisema 750,000, wenye shughuli yao wakasema hata milioni 2, na mwenye insafu ataiweka hesabu yake mahali fulani katikati. Hali kadhalika Berlin, Madrid, Damascus, Sydney, Tokyo, Johannesburg na Cape Town. Hata kule Antaktika, penye kituo cha McMurdo, watu kiasi cha hamsini wa kituo hicho walitoka wakasimama juu ya theluji. New York mahakama ilikataa kuruhusu watu watembee, ikaruhusu wasimame tu, basi wakasimama katika baridi kali karibu na majumba ya Umoja wa Mataifa wakamsikiliza Askofu Desmond Tutu. Na London, majuma machache kabla ya siku yenyewe, waziri mwenye dhamana ya utamaduni aliwahi kutaka kuwanyima watu bustani ya Hyde Park, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo ya kwamba majani yangeharibika. Nalitaja hili kwa kuwa sijapata kusoma kisingizio chepesi kuliko hicho katika jambo zito kiasi kile.

Majibu ya wakubwa hayakuchelewa. Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza, akikihutubia chama chake Glasgow Jumamosi ile ile, alisema kwamba hata waandamanaji wakiwa nusu milioni, idadi yao bado ni ndogo kuliko ya watu ambao Saddam Hussein alisababisha vifo vyao, na wakiwa milioni, bado ni wachache kuliko waliokufa katika vita alivyovianzisha. Siku chache baadaye Rais George W. Bush alisema kwamba wingi wa waandamanaji hauwezi kumwongoza katika siasa yake, kwani kufanya hivyo ni sawa na kuiendesha nchi kwa kusikiliza maoni ya vikundi vya kupimia bidhaa. Gazeti la New York Times, kwa upande wake, liliandika kwamba huenda duniani zimebaki dola kuu mbili, Marekani na rai ya walimwengu. Ilikuwa sifa tamu, na waandamanaji waliipenda. Lakini tarehe 20 Machi dola moja kati ya hizo mbili ilirusha makombora juu ya Baghdad, na ya pili ikaketi kuyatazama kwenye televisheni. Makelele ya chura hayamzuii ng'ombe kunywa maji.

Kwa nini halaiki kubwa kiasi kile haikuweza kitu? Wengi wamejibu kwamba ni kiburi cha watawala, nami sikikatai kiburi. Walakini kiburi hakikosekani katika dola yoyote iendayo vitani, na kwa hiyo hakiwezi kutueleza kwa nini mahali pengine, katika vita vile vile, watu walifaulu. Tazama walichokuwa nacho watu wa London siku ile: walikuwa na miguu, mabango na haki. Jeshi lao lilikuwa la watu waliojiandikisha kwa hiari yao. Bungeni, chama kikuu cha upinzani kilikuwa upande wa vita, hata ikawa kwamba tarehe 18 Machi, wabunge 139 wa Labour walipomwasi kiongozi wao, uasi mkubwa usio na kifani kwa zama zile, hoja ya vita ilipita kwa kura 412 dhidi ya 149. Kwa maneno mengine, hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho vita vilikihitaji na ambacho kilikuwa mikononi mwa wale waliokanyaga majani ya Hyde Park.

Sasa geukia Ankara. Mpango wa Marekani ulikuwa kuishambulia Iraki kwa pande mbili, kusini kutoka Kuwait na kaskazini kutoka Uturuki, na kwa ajili hiyo iliomba kuwaweka askari wapatao 62,000 katika ardhi ya Uturuki, ikaahidi mabilioni ya dola kwa nchi ambayo uchumi wake ulikuwa umetoka kuanguka juzijuzi. Chama kilichotawala kilikuwa na wabunge wengi kupita haja. Jambo lilionekana limekwisha. Lakini tarehe 1 Machi, siku wabunge walipokutana faraghani kupiga kura, watu kwa makumi ya maelfu walikusanyika katika mji huo huo, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlango wa Bunge, na kila mbunge aliyeingia ndani alijua kwamba Waturuki walio wengi sana, na miongoni mwao waliompigia kura, hawavitaki vita hivi. Waliokubali walikuwa 264, waliokataa 250, na 19 wakajizuia. Kwa muda mfupi ilisemwa kwamba hoja imepita, kisha ikarejewa katiba, ambayo hutaka zaidi ya nusu ya wote waliohudhuria, ikadhihirika kwamba zilipungua kura tatu. Merikebu zilizobeba zana za divisheni nzima ya Marekani, zilizokuwa zikielea nje ya pwani ya Uturuki zikingoja ruhusa, ziligeuza pua zikapita mfereji wa Suez kwenda Kuwait. Vita havikuzuilika, wala sisemi vilizuilika. Uturuki yenyewe baadaye iliifungua anga yake kwa ndege za Marekani. Ila mlango wa kaskazini ulifungwa, na walioufunga walikuwa watu wachache mno wakilinganishwa na wale wa London, kwa sababu wao waliushika mlango wenyewe, na waliushika siku ile ile ulipokuwa unataka kufunguliwa.

Mfano mdogo zaidi ni ule wa Motherwell, Scotland, ambapo Januari ya mwaka huo madereva wawili wa treni walikataa kuendesha treni ya mizigo iliyobeba zana za vita. Watu wawili tu! Na Italia, mwezi Februari, watu walikaa juu ya reli kuzichelewesha treni zilizokuwa zikihamisha vifaa vya kijeshi vya Marekani kutoka kaskazini kuelekea Pisa, wakisaidiwa na baadhi ya wafanyakazi wa reli wenyewe. Hakuna kitabu cha rekodi kilichowataja hawa, walakini mkuu wa jeshi mwenye kupanga safari za zana zake alilazimika kuwafikiria, na sidhani kama alilazimika kuwafikiria wale milioni 3 wa Roma.

Wala mambo haya hayakuanza na karne hii. Sisi wa upande huu wa Afrika tuna mfano wetu, ulio mzee kuliko huo na wenye mafunzo mengi zaidi, ambao nastaajabu kuona hautajwi sana katika shule zetu: ni vita vya Uhabeshi, nchi ambayo leo twaiita Ethiopia, alivyovianzisha Mussolini wa Italia tarehe 3 Oktoba 1935 pasipo hata adabu ya kutangaza. Kwa mtu wa Paris au wa New York vita hivyo vilikuwa vya mbali mno. Kwa Mwafrika, na kwa mtu mweusi popote alipotupwa na utumwa, vilikuwa vya nyumbani. Kwa kuwa Uhabeshi ndiyo iliyomshinda Mtaliani pale Adwa mwaka 1896, na wakati ambapo karibu Afrika nzima ilikuwa imekwisha kugawanywa baina ya wageni, mfalme wake alikuwa bado amekalia kiti cha baba zake, na mjumbe wake akiketi Geneva katika Chama cha Mataifa kama wajumbe wa dola nyingine.

Nia ya Mtaliani ilijulikana tangu yalipotokea mapigano ya visima vya Walwal mwishoni mwa 1934, nao watu hawakungoja mizinga. Agosti 1935 waliandamana kwa maelfu Harlem, mtaa wa weusi wa New York. Lagos iliundwa jumuiya ya kuitetea Uhabeshi. London, mwezi huo wa Agosti, katika uwanja wa Trafalgar, ulifanyika mkutano wa hadhara wa kikundi kidogo cha Waafrika na watu wa visiwa vya Karibi waliojiita marafiki wa Uhabeshi, mwenyekiti wao akiwa C. L. R. James wa Trinidad, aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuandika habari za kriketi, mshika fedha wao Amy Ashwood Garvey wa Jamaica, na katibu wao wa heshima Mkikuyu mmoja aliyekuwa akizunguka mji ule kutafuta masikio ya kuzisikiliza kesi za ardhi za watu wake, jina lake Kenyatta, ambaye wakati huo wengi walimjua kwa jina la Johnstone. Wote hawa hawakuwa na kiti Bungeni, wala mali, wala gazeti lenye kusomwa na wakubwa. Walikuwa na ufasaha, na ufasaha ule ulifika mbali baadaye, kama nitakavyosema. Lakini Mussolini hakuogopa ufasaha.

Walioshika kitu walikuwa mahali pengine kabisa. Katika bandari za Durban na Cape Town makuli weusi walikataa kuzihudumia merikebu za Kitaliani zilizokuja kutafuta chakula cha majeshi yaliyokuwa yakikusanywa Afrika ya Mashariki, na huko Trinidad pia makuli wa bandarini waliigomea merikebu ya Kitaliani. Mtu na awaze jambo hili kwa makini: kuli wa Afrika Kusini ya siku zile, ambaye kukaa kwake mjini kulikuwa kwa hisani ya bwana mwajiri, ambaye ujira wake ulikuwa wa kutwa na njaa yake ya kutwa, anaacha mzigo gatini na kukunja mikono kwa ajili ya watu wa milima ambayo hajapata kuiona, wenye lugha asiyoijua, na ambao hawatapata kulisikia jina lake. Katika wote niliowataja na nitakaowataja, hao ndio ninaowavulia kofia. Na bandari ya Durban haikusahau desturi yake. Miaka 73 baadaye, Aprili 2008, makuli wake waliigomea merikebu ya Kichina iliyokuwa na shehena ya silaha za kwenda Zimbabwe wakati wa msukosuko wa uchaguzi, na silaha zile hazikushushwa pale.

Uingereza nako umma haukulala, na kisa chake chataka kusimuliwa polepole. Katika kura ya hiari iliyopigwa nyumba kwa nyumba, na matokeo yake kutangazwa Juni 1935, watu zaidi ya milioni 11 walijibu maswali juu ya amani, na zaidi ya milioni 10 kati yao wakakubali kwamba dola yenye kuishambulia nyingine izuiliwe kwa vikwazo vya biashara. Serikali ya Waziri Mkuu Baldwin iliona upepo ulikoelekea, ikaenda katika uchaguzi wa Novemba ikiahidi kusimama pamoja na Chama cha Mataifa, ikashinda. Kisha mwanzoni mwa Desemba Waziri wake wa Mambo ya Nje, Samuel Hoare, akakutana Paris na Pierre Laval wa Ufaransa, wakapatana kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya nchi aliyokuwa akiipigania, ili vita viishe kwa njia ya kumridhisha mnyang'anyi. Siri ikavuja katika magazeti ya Paris; barua za ghadhabu zikawamiminikia wabunge wa Uingereza, na waliokuwa wamechaguliwa mwezi mmoja nyuma kwa ahadi kinyume cha hiyo hawakujua pa kuficha nyuso zao; na tarehe 18 Desemba, siku kumi tu tangu mapatano yale, Hoare alikuwa amejiuzulu na mapatano yamekufa.

Hapo palikuwa na ushindi wa umma ulio wazi kuliko wowote, na hapo hapo ndipo palipotegwa mtego. Umma ulitaka Uhabeshi iokolewe, ukapewa kichwa cha waziri, ukaridhika, ukaenda kula Krismasi. Mafuta, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiendesha magari na ndege za Mtaliani, hayakupata kutiwa katika orodha ya vikwazo. Mfereji wa Suez haukufungwa. Merikebu za Mussolini ziliendelea kupita na askari wake na gesi yake ya sumu, zikilipa ushuru wao kwa utaratibu mwema kama merikebu yoyote ya biashara. Inasimuliwa kwamba Mussolini mwenyewe alikuja kumwambia Hitler kuwa lau vikwazo vile vingefika kwenye mafuta, angelazimika kuondoka Uhabeshi kwa muda wa juma moja. Tarehe 5 Mei 1936 majeshi yake yaliingia Addis Ababa. Mwezi uliofuata Hoare alirudishwa katika baraza la mawaziri, safari hii akakabidhiwa manowari za mfalme, na sijui kwamba kulitoka barua nyingi za ghadhabu.

Mwezi huo huo wa Juni Mfalme Haile Selassie alifika London kwa treni, katika stesheni ya Waterloo, akiwa mkimbizi, na serikali ikaona heri isimfanyie makuu. Aliyepenya baina ya walinzi akamkumbatia, kama inavyosimuliwa, alikuwa Kenyatta. Miaka mitano baadaye, dola ile ile iliyoogopa kuufunga mfereji ilibidi iwatume askari wa Keya, yaani jeshi lake la Waafrika wa upande huu, vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa waliokuwa wakiamrishwa kwa Kiswahili, pamoja na Wanigeria, watu wa Gold Coast na askari wa Afrika Kusini, wakapita Kismayu na Mogadishu wakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941, kwenda kumwondoa Mtaliani yule yule. Mafuta yaliyoachwa yapite mwaka 1935 yalilipiwa kwa damu ya vijana ambao hawakuulizwa rai yao mara zote mbili.

Juu ya Vietnam nitapita upesi, kwa kuwa imeandikwa na wengi. Inatosha kusema kwamba Wamarekani waliojaza barabara Oktoba na Novemba 1969 walikuwa na kitu ambacho watoto wao wa 2003 hawakuwa nacho: vita vile viliwahitaji wao wenyewe, kwani vijana walitwaliwa kwa sheria, na kijana anayeichoma kadi yake ya kuitwa jeshini ameuchoma mkono mmoja wa jeshi. Nixon alijidai hadharani kwamba hatasikiliza, kisha katika kumbukumbu zake akaandika kwamba maandamano yale yalimharibia kitisho alichokuwa amewatolea wakubwa wa Hanoi. Wenye kutawala walijifunza. Mwaka 1973 utaratibu wa kuwatwaa vijana kwa lazima ulikomeshwa, na tangu hapo Marekani hupigana kwa askari wa kulipwa waliojiandikisha wenyewe, jambo ambalo lawaacha raia wengine wote huru kuandamana wapendavyo.

Pana mtu atakayesema kwamba navidharau vilio vya umma. La hasha. Kuandamana ndiko kunakowakutanisha watu wasiojuana. Wale marafiki wa Uhabeshi hawakuiokoa Uhabeshi, lakini miaka kumi baadaye, Oktoba 1945, Kenyatta na wengine kutoka duara ile ile walikuwa Manchester pamoja na Nkrumah katika mkutano uliodai uhuru wa Afrika kwa lugha isiyokuwa ya kuombaomba. Tena umma una kumbukumbu ndefu kuliko watawala wanavyodhani: Agosti 2013, Waziri Mkuu David Cameron alipoliomba Bunge ruhusa ya kuishambulia Syria, wabunge 285 walimkatalia dhidi ya 272, na kivuli cha Iraki kilitajwa na takriban kila aliyesimama kusema. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wale wa Hyde Park walipoteza bure siku yao. Nasema tu kwamba walichelewa miaka kumi kufika, na kwamba Wairaki waliokufa katikati ya miaka hiyo, raia waliohesabiwa kupita laki moja, hawakuweza kuwangoja.

Sasa niseme na sisi wenyewe, kwa kuwa twapenda kuyatazama maandamano ya Wazungu kama tunavyotazama mpira wa kwao. Mwanzoni mwa 2003 Mandela alimwambia Bush hadharani kwamba ni rais asiyeona mbali. Lakini Mandela alikuwa amekwisha kuuacha urais. Waliokuwa na kitu mikononi walikuwa Angola, Cameroon na Guinea, kwa kuwa ndizo nchi tatu za Afrika zilizokuwa zimeketi katika Baraza la Usalama mwaka ule, na azimio la pili la vita lilitaka kura tisa. Waziri wa Ufaransa alifunga safari kuzibembeleza, na wa Uingereza pia. Kura tisa hazikupatikana, azimio likaondolewa kabla ya kupigiwa kura, na hilo ni jambo la kujivunia kidogo. Kisha jina la Angola likaonekana katika orodha ya Marekani ya nchi zilizoviunga mkono vita, pamoja na Ethiopia, Eritrea, Rwanda na Uganda. Ni raia gani wa Kampala au wa Kigali aliyeulizwa? Wakaja kuulizwa kwa namna nyingine: maelfu ya Waganda walikwenda kulinda malango ya kambi za Marekani huko Iraki kwa mishahara ya makampuni ya ulinzi, na madereva watatu Wakenya, waliokuwa wakiendesha malori ya kampuni ya Kuwait, walitekwa Julai 2004 wakakaa mikononi mwa watekaji mpaka Septemba. Vita tulivyoviita vya mbali vilikuwa na mikono yetu ndani yake.

Habari za Ghaza ni mbichi mno kwa mtu kuzitolea hukumu ya mwisho. Itoshe kukumbuka kwamba Novemba 2023 London ilijaa tena, watu 300,000 kwa hesabu ya polisi wenyewe, na kwamba Juni 2025 makuli wa bandari ya Fos, karibu na Marseille, walikataa kupakia makasha ya vipuri vya bunduki za rashasha vilivyokuwa vinakwenda Israeli. Msomaji aliyenifuata mpaka hapa anajua ni habari ipi kati ya hizo mbili niliyoisoma mara mbili.

Lakini kuna vita ambavyo kwa mtu wa London ni vya mbali na kwetu ni vya jirani, na ambavyo mijini kwetu sijaviona vikijaza hata uwanja mmoja wa mpira. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma, ambao watu wake huzungumza lugha hii ninayoiandika, ulitwaliwa na waasi wa M23. Kinshasa watu wenye hasira waliandamana wakazishambulia balozi za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani, na pia za Uganda na Kenya. Kuuchoma ubalozi hakumzuii mpiganaji hata mmoja, nami silitetei tendo hilo. Lakini Mkongo aliyerusha jiwe lile alikuwa akitwambia kwamba machoni pake sisi si watazamaji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba koltani ya Rubaya, katika ardhi iliyoshikwa na waasi, huvushwa kwa magendo kuingia Rwanda, ingawa serikali ya huko hukanusha. Rwanda haina bahari, na shehena ya nchi isiyo na bahari ikitaka kufika Asia kwa merikebu haina budi kupita katika bandari za watu wengine, na bandari hizo kwa eneo hili ni Dar es Salaam na Mombasa.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa ule Mkutano wa Kimataifa wa Eneo la Maziwa Makuu, ambao wakuu wake wa nchi walikubaliana Lusaka, Desemba 2010, kuweka utaratibu wa hati za kuthibitisha asili ya madini, ili madini ya vita yasichanganywe na madini ya halali. Karatasi hiyo ipo, imetiwa sahihi. Kongo nayo tangu 2022 imo katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na Bunge la Jumuiya hiyo lina makao yake Arusha, lenye wabunge waliochaguliwa na mabunge yetu na kulipwa kwa kodi zetu. Basi ndugu msomaji, kabla hujaandika bango, andika barua kwa mmoja wao, umwulize ni nani anayezikagua hati hizo gatini, na kasha la koltani lisilokuwa na hati hurudishwa wapi.